Heshima Kando ya Choo

Siku Mama Adolphine aliposhuka kwenye lori kutoka kwao Kasaji na kuku mwekundu kwapani, Mukuna alijificha nyuma ya ukuta wa jirani. Msimcheke. Mtu mzima, fundi wa pikipiki anayejulikana mtaa mzima wa Dilala, Kolwezi, mwenye mke na mimba ya kwanza nyumbani, alijikunyata nyuma ya matofali kama mwizi wa mahindi, kwa sababu mama mkwe alikuwa anaingia langoni na yeye hakuwa na shati mwilini.

Kwa ukoo wa mama huyu, ukwe si mchezo. Mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali mbele yake, hamtaji jina, wala yeye hatajwi. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Inaendelea hivyo mpaka siku mama mwenyewe atakapoamua basi: anachinja kuku, anampika kwa mikono yake, anamkabidhi mkwe sahani, na kuanzia hapo wanazungumza kama watu. Wengine wanapika kuku huyo mapema, ndoa ingali na harufu ya rangi mpya. Mama Adolphine hakupika. Mukuna alimwoa Fidélie wakati bado anachimba shaba Mutoshi, na mama alikuwa na neno lake juu ya wachimbaji: mtu anayeshinda shimoni, utamjuaje kama ana nyumba? Mukuna akaacha shimo, akajifunza pikipiki, akapanga nyumba ya zamani ya kampuni yenye lupango, yaani ua, pana nyuma. Kuku hakuja.

Sasa kuku amekuja, tena akiwa hai. Fidélie alimvuta mumewe jikoni akamnong'oneza.

"Mama amekuja kuangalia. Akiona nyumba ni nyumba, atapika kuku, na mi nitazalia apa Kolwezi. Akikataa, atarudia Kasaji na kuku yake, na mi nitamufuata. Njo vile bibi yangu alifanya, njo vile mama alifanya."

"Na mi?"

"We utapigiwa simu."

Mukuna alizijua simu za Kasaji. Mtu anaanza kukuambia jambo, mtandao unakatika, unabaki hujui kama amezaa au amekufa. Yeye alitaka kukisikia kilio cha kwanza cha mtoto wake kwa masikio yake mwenyewe, amesimama nje ya mlango, akizuiwa kuingia kama baba yeyote mwenye bahati. Kwa hiyo akaapa kwamba katika historia ya ukwe Lualaba nzima, hakuna mama mkwe atakayekuwa ameheshimiwa kama huyu.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuhamisha karakana. Zamani alifanyia kazi chini ya upenu, karibu na mlango wa mbele. Lakini pale mama angempita kila akitoka, na wangegusana mabega, Mungu aepushe! Basi Mukuna akabeba spana, matairi, benchi na ndoo ya mafuta machafu, akaenda kuvipanga mwisho kabisa wa lupango, chini ya mpera, mahali ambapo mama mkwe hana shughuli yoyote. Akajipongeza.

Na kando ya mpera ule, mlango ukitazama benchi, kulikuwa na choo.

Ndiyo, choo. Mwanamume ana akili ya kufungua injini nzima na kuirudisha bila kubakiza skrubu hata moja, lakini choo hakukiona. Amekipita kila siku tangu ahamie, kimekuwa sehemu ya ukuta. Mimi nasema wanaume wangekuwa na tumbo la wanawake na haya ya wanawake, wangejua vyoo vyote vya Kolwezi kwa ramani.

Maisha yakaanza. Mama Adolphine alikaa barazani, kuku amefungwa mguu kwa kamba kwenye kiti chake. Na kwa kuwa hakuweza kumsemesha mkwe, alimsemesha kuku, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mpera.

"We kuku, watu ya Kolwezi banalalaka saa ngapi? Naona redio inaimba mpaka nachoka."

Kutoka chini ya mpera Mukuna alijibu, macho kwenye mnyororo wa pikipiki: "Kuku, redio itazimwa. Kuku, unisamehe sana."

"Kuku, sikusema izimwe."

"Kuku, basi nitaipunguza."

Kuku hakusema kitu. Alikuwa mkalimani mzuri kuliko wengi, maana hakuongeza chumvi.

Kisha kulikuwa na ufagio. Kila baada ya muda Mama Adolphine aliinuka na ufagio mkononi, akaja polepole kuelekea nyuma ya lupango. Mukuna akimwona tu, aliruka kama amekaa juu ya bomba la moto. Alivua kofia, akainamisha kichwa, akakunja mikono tumboni. Tena aliwafundisha wateja wake. Madereva wa taxi-moto, zile pikipiki za abiria, watu ambao hawasimamii hata taa nyekundu, walisimama mistari miwili, kofia mkononi, macho chini, huku Mukuna akinong'ona: "Simameni, bandugu, mama mukwe anapita."

Mama aliona safu ile ya wanaume pande zote mbili za njia ya choo. Alisita. Alifagia mara mbili tatu pale pale aliposimama, penye udongo safi usio na jani, akageuka akarudi barazani.

"Munamuona?" Mukuna aliwaambia wenzake kwa fahari. "Mwanamuke ya usafi. Anafagia mpaka ku karakana."

Lakini jambo moja lilimuumiza. Mama hakunywa. Joto la Oktoba lilikuwa la kukausha mate, vumbi la malori ya madini limesimama hewani, na mama alikataa maji, alikataa chai, alikataa hata maji ya sukari yenye baridi ambayo Fidélie anayaita soda. Alilamba midomo, akatazama bilauri, akaisukuma pembeni. Mukuna aliumia moyo kweli. Mtu anayekataa maji ya nyumba yako, kuku utamlia wapi? Akafikiri labda mama anamwona mvivu. Basi akaanza kufungua kazi kabla jua halijatoka na kufunga baada ya jua kuzama, agonge chuma mama asikie. Maskini mama, zile zilikuwa ndizo saa zake mbili za kwenda choo kwa amani. Mkwe akazimeza zote mbili.

Halafu Fidélie akaja kwa mumewe, uso umekunjamana.

"Mama anaugua. Anasema akienda haja ndogo inamuchoma sana, kama amemwagiwa pilipili. Na inatoka matone tu. Akimaliza, anasikia tena anataka. Tumbo ya chini inamuuma. Anatumia ndoo ku bafu, kila saa."

"Na mbona haendi ku choo?"

Fidélie naye hakujua. Mama hakumwambia binti yake, kwa sababu kumsema mkwe kwa mke wake pia ni mwiko. "Wivine anasema ni ile choo yetu. Anasema infection inarukaka toka mu choo inaingia mu mwanamuke."

Wivine ni jirani wa upande wa kulia. Anauza nyanya na anatoa ushauri wa tiba, na katika hivyo viwili, nyanya ndizo zinazooza polepole. Aliamuru mama achutame juu ya maji moto yenye majani ajuayo yeye, na akaleta vidonge vya rangi mbili kutoka kwa kijana anayezunguka na dawa kwenye kikapu juani. Mama alimeza vichache, moto ukapungua, akafunga vilivyobaki kwenye kitambaa. Akiba, alimwambia kuku, ya kupeleka Kasaji.

Na Mukuna? Mukuna aliposikia kwamba choo chake ndicho kimemshambulia mama mkwe, alishikwa na haya kubwa. Alinunua dawa ya kuua vijidudu, akavua viatu, akaingia chooni na brashi. Alisugua sakafu. Alisugua kuta. Alisugua mlango nje na ndani, akapaka chokaa, akasubiri ikauke, akasugua tena. Siku nzima, na siku iliyofuata, mkwe hakuwa tena kando ya choo. Alikuwa ndani yake, anaimba nyimbo za kanisa.

Barazani, Mama Adolphine alifumba macho.

Jumapili, watu walipokuwa wanarudi kutoka kanisani, moto ule ukarudi na ndugu zake wote. Mama alianza kutetemeka juani, amejifunika pagne mbili za kitenge, meno yanagongana. Alishika kiuno upande mmoja akaguna. Alitapika. Mukuna, chini ya mpera, alisikia Fidélie akiita "Mama! Mama!", akainuka, akakumbuka haruhusiwi kukaribia, akakaa, akainuka tena. Ndipo kutoka barazani ikatoka sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikitaja jina lake.

"Mukuna!"

Spana ikamwanguka kidoleni.

"Mukuna wa pikipiki! Kuja apa!"

Majirani wakatoa vichwa juu ya kuta. Mama mkwe ametaja jina la mkwe. Waziwazi, mchana, bila kuku! Mukuna alikwenda, macho yakiangalia vidole vyake vya miguu.

"Mbona unaikala pale kama douanier ya mupaka?" Mama alimfokea, macho yanang'aa kwa homa, hayamtazami yeye bali kitu fulani juu ya kichwa chake. "Umefunga mupaka! Mi niko na muzigo yangu ndogo tu, nataka kupita! Fungua barrière ya njia, Mukuna!"

"Ni pepo," alisema Wivine, aliyekuwa ameshapanda ukuta. "Ni pepo ya safari. Ile lori ya Kasaji!" Akashuka, akaweka mkono juu ya kichwa cha mama, akaanza kumkemea shetani wa barabara ya Kasaji, wa malori, wa mipaka yote ya Kongo upande kwa upande. Mama akampiga kofi mkononi. Lilikuwa kofi la mtu mwenye nguvu bado, na Mukuna alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Tumupeleke ku centre de santé, ku kituo ya afya," alisema Fidélie, anashika tumbo lake. "Sasa hivi. Simamisha taxi-moto."

Taxi-moto walikuwa wamejaa langoni, wamekuja kutazama. Mama aliwatazama mmoja mmoja. "Awa sibajue. Nitapanda na ule tu mwenye barrière."

"Mama, ule ni mukwe yako!"

"Njo ule."

Hebu fikirini. Kumbeba mama mkwe mgongoni mwa pikipiki! Mama mkwe ambaye humtazami usoni! Kifua chake kwenye mgongo wako, mikono yake kiunoni mwako, Dilala nzima imejipanga kama siku ya maandamano! Mukuna alimwangalia mke wake, akamwona analia, na akajua kwamba kuna kitu kimoja kibaya kuliko aibu hii, nacho ni kubaki na heshima yako mikononi na maiti ya mama wa watu barazani. Akawasha pikipiki.

Kilitafutwa kitu cha kuweka katikati yao. Mto? Mdogo mno. Mama mwenyewe alimaliza ubishi: hakukubali kumwachia kuku. Basi wakapanda hivyo, Mukuna mbele, shingo imekakamaa, mama nyuma amefungwa kwa pagne asianguke, na katikati, kichwa kikichungulia chini ya kwapa la Mukuna, kuku mwekundu. Fidélie na Wivine walifuata kwa taxi-moto nyingine, polepole kwa ajili ya mimba. Watoto walikimbia nyuma wakishangilia. Kwenye kila shimo la barabara mama alipiga kelele "Mukuna!", na kila mara Mukuna alijibu kwa kuku: "Kuku, unisamehe."

Infirmière, yaani muuguzi, aliyekuwa kazini aliitwa Nafisa, mwanamke mfupi, kitambaa cheupe kichwani, na sauti ya kuamsha mtaa.

"Kuku abaki nje."

"Kuku anaingia," alisema Mama Adolphine.

Nafisa alimgusa mama paji la uso, akaacha kubishana. "Bon. Aingie, lakini asiguse kitu."

Mukuna akabaki upande wa pili wa pazia, kwenye benchi, uso umeelekea ukutani. Hakuona kitu, lakini alisikia kila kitu, maana pazia ni kitambaa tu. Alisikia Fidélie akipewa kopo safi na kuelezwa: mama ajioshe kwanza, ya mwanzo iende chini, ndipo akinge ya katikati. Alisikia mkojo kidogo ukiletwa na Nafisa akisema "Angalia hii, ni mchafu kama maji ya dimbwi," kisha akieleza kwamba kijiti alichokichovya kimebadilika rangi. Alisikia mama akipigwapigwa mgongoni taratibu, halafu "Aii!" iliyomfanya Mukuna asimame.

"Ni infection ya mkojo," alisema Nafisa. "Ilianza chini, haikutibiwa vizuri, sasa imepanda mpaka kwenye figo. Ndiyo maana ana homa, ndiyo maana anatapika."

"Na maneno?" aliuliza Wivine. "Anasema mambo ya mupaka! Ni pepo, maana vidonge ya yule kijana wa kikapu nilimupatia!"

"Mtu mzima akipata infection, mara nyingine inamchanganya akili. Tukiitibu, akili itarudi. Hakuna pepo hapa, mama, zaidi ya wewe kumpa vidonge vya juani. Alivimaliza?"

"Aliweka akiba," alisema Fidélie.

"Ehe! Akiba! Vijidudu vilivyobaki vikasema asante." Chupa ya maji ikatundikwa, sindano ikachomwa, mama akaguna. Muda ukapita. Jasho likamtoka, kutetemeka kukatulia, na sauti yake ikapungua ikawa yake. Nafisa akavuta kiti. "Sasa mama, niambie. Unakunywaka maji?"

Mama akamgeukia kuku. Akasema chinichini: "We kuku, ambia huyu binti: nikikunywa mayi, itatokea wapi?"

"Kwani kwenu hakuna choo?"

"Choo iko. Choo ya muzuri. Lakini, kuku, mukwe eko mbele ya choo. Tangu kiza ya asubui mpaka kiza ya magaribi. Eko na banaume yake. Nikitokea tu, banasimama, banatoa bakofia, banainamisha vichwa, kama banapandisha drapeau, bendera ya inchi. Sasa kuku, we unaweza kwenda kukoyola mbele ya watu banapandisha drapeau?"

Upande wa pili wa pazia, Mukuna alihisi masikio yanawaka. Ufagio. Alfajiri. Brashi na chokaa na nyimbo za kanisa. Yote yalipita mbele yake, kitu kwa kitu, na kila alichokiita heshima kilikuwa kimesimama mlangoni mwa choo kimemfungia mama wa watu njia. Yeye ndiye aliyemletea ugonjwa huu. Haya ilimshika, na huzuni, na akalia kidogo, uso kwenye ukuta wenye picha ya mama anayenyonyesha.

Nafisa alicheka. Alijaribu kujizuia, alikohoa, alishindwa. Kisha akafungua pazia. "Mkwe ni nani hapa?"

Mukuna alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Sikiliza, baba. Mwanamke ameumbwa na njia fupi. Vijidudu vinavyoishi nyuma, vya choo kikubwa, vinatambaa vinaingia mbele, vinapanda kwenye kibofu. Akinywa maji na kukojoa anapojisikia, anavisukuma nje. Akizuia siku nzima, tena bila maji, vinakaa vinazaana. Unaelewa?"

"Ni kama carburateur ya pikipiki," alisema Mukuna kwa sauti ya kilio. "Mafuta ikilala ndani, inafanya uchafu."

"Kama wewe unataka iwe carburateur, iwe. Atakunywa maji mengi. Akisikia haja, aende, hata kama kuna mkutano wa maaskofu mbele ya choo. Kujifuta ni kutoka mbele kwenda nyuma. Majani ya mvuke hapana, kusugua ndani na sabuni hapana, inaunguza tu." Alimgeukia Wivine, aliyekuwa ananong'ona kwamba ni choo. "Na choo hakijamruka mtu. Usafi ni mzuri, lakini choo hakina miguu." Kisha akamtazama Fidélie. "Wewe una mimba, njoo na wewe na kopo. Wenye mimba inawapata hata bila kuchoma, na inaweza kuleta mtoto kabla ya wakati."

Mkojo wa Fidélie ulikuwa safi. Mama akabaki kituoni mpaka homa iliposhuka kabisa, akarudi nyumbani na pakiti ya vidonge na amri ya kuvimaliza vyote, maumivu yakiwepo au yasipokuwepo.

Alikuta lupango limebadilika. Chini ya mpera hapakuwa na kitu. Karakana ilikuwa nje ya lango, kando ya barabara, chini ya turubai la lori, na Mukuna alikaa huko na vumbi lote la Kolwezi mdomoni, mgongo ameugeuzia nyumba. Alikuwa ameamua hatainua kichwa tena, hata nyumba ikiungua.

Mama Adolphine alikaa barazani. Hakukumbuka kitu, au alisema hakukumbuka. Pikipiki? Pikipiki gani? Jina? Yeye ataje jina la mkwe, kwani ana wazimu? Akamfunga kuku kwenye kiti, akarudi kwenye desturi. Lakini alikunywa. Fidélie alimwekea dumu la maji yaliyochemshwa, na mama alikunywa, akaenda zake nyuma, akarudi, akanywa tena, bila ufagio.

Mukuna aliyasikia yote kutoka barabarani, na moyo wake haukutulia. Mama alikuwa amepona, lakini mama aliyepona ndiye mama anayeweza kupanda lori. Siku moja alimsikia akimwambia kuku: "Kuku, sisikie tena maumivu. Hizi vidonge zimebaki, tuweke akiba." Mukuna alishindwa kujizuia.

"Kuku!" alipaza sauti bila kugeuka, dereva aliyekuwa anatengenezewa breki akashtuka. "Kuku, infirmière alisema kumaliza yote! Kuku, mi napiga magoti!" Na kweli alipiga, pale pale kwenye vumbi, spana mkononi.

Kutoka barazani akasikia mlio wa karatasi ya vidonge ikipasuliwa, na maji yakimwagwa kwenye bilauri.

Vidonge vikaisha. Asubuhi iliyofuata Mukuna alisikiliza sauti ya "We kuku" na hakuisikia. Alingoja. Jua likapanda. Dereva mmoja akasema ameona lori la Kasaji linapakia. Mukuna aliweka spana chini. Alijua mama amefunga mzigo, na Fidélie amefunga wake, na yeye atabaki na simu inayokatika. Kwa mara ya kwanza tangu atoke kituoni aligeuka, akaitazama nyumba. Kiti kilikuwa kitupu. Kamba ilikuwa chini, haina kuku.

Halafu upepo ukaleta harufu ya mawese na vitunguu, na unyoya mmoja mwekundu ukaja ukitambaa kwenye udongo mpaka kwenye kiatu chake.

Mama Adolphine alitoka jikoni amevaa pagne yake ya sherehe. Alibeba sahani kwa mikono miwili: bukari, yaani ugali, mchuzi mzito, paja na firigisi. Fidélie alikuwa nyuma yake, anacheka na kulia kwa pamoja. Mama alitembea mpaka langoni, akaweka sahani mikononi mwa mkwe, akarudi barazani. Mukuna akala, mama mkwe akimtazama waziwazi, na mchuzi ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Yule kuku alikuwa mkalimani mgumu kidogo kutafuna, lakini Mukuna alimaliza mpaka mifupa. Jina tu ndilo mama alikuwa hajalitaja bado.

Mchana, kwa furaha, Mukuna aliingiza ndani ya lupango pikipiki ya mteja iliyovunjika mhimili, akaiegesha popote, akaenda kuosha mikono akiimba. Aliporudi alimkuta mama mkwe amesimama mbele ya pikipiki ile. Amekunywa maji ya asubuhi nzima, ilionekana usoni. Alitazama kushoto. Alitazama kulia. Kuku hakuwapo tena.

"Mukuna," alisema.

Homa haikuwepo. Macho yalikuwa yake mwenyewe, yamemtazama usoni.

"Naam, mama."

"Utoe hii pikipiki mu njia. Nataka kupita ku choo."